Mvita si Vita

Imekuwa ada miongoni mwa baadhi ya wahakiki wa ushairi wa Mombasa kulifasiri jina Mvita kwa neno moja tu: vita. Fasiri hiyo ikishapokewa, kila ubeti uutajao mji huo husomwa kama wito wa mapigano.

Kisarufi hoja hii ni dhaifu. Vi- katika vita ni kiambishi cha ngeli. Shina ni -ta, lile lile la uta wa mshale. Kupachika m- juu ya kiambishi kingine si njia ya kawaida ya kuunda nomino. Wanaolihusisha jina na -fita, yaani -ficha kwa Kimvita chenyewe, nao hawajaeleza f iligeukaje v. Mapokeo ya wenyeji, ambayo wahakiki hao huyapita mbio, humtaja Shehe Mvita, mtawala aliyekuja baada ya Mwana Mkisi wa Gongwa.

Ni kweli kwamba Muyaka bin Haji aliishi katika uhasama wa Wamazrui na Wabusaidi, uliokoma Mombasa mwaka 1837, na tungo zake kadhaa ni za kivita. Lakini alitunga pia juu ya mapenzi. Je, humo nako Mvita ni vita?

Mshairi akiyakutanisha maneno hayo mawili, huo ni mchezo wa sauti, si etimolojia. Mhakiki adaiye kwamba maana hiyo ilikuwamo jinani tangu awali humpokonya mtunzi kazi aliyoifanya mwenyewe, kisha huisifu kama urithi wa mji.