Kericho Ina Majani, Doo Iko kwa Jina

Wasee, ukipita Kericho ukishuka hadi Bomet, sehemu kubwa ya ile kijani unaona kando ya barabara ilikuwa ya mibabe wawili: Finlays na Unilever. Walishindana miaka mingi. Leo story imebadilika. Finlays ilitangaza 2023 inauzia Browns Investments ya Sri Lanka. 2024, mashamba yaliyokuwa ya Unilever pia yakapelekwa kwa Browns huyo huyo.

Cheki vile Unilever ilitoka. Novemba 2021 ilikubali kuuzia CVC Capital Partners biashara yake ya chai kwa euro bilioni 4.5. Kampuni ikabatizwa Lipton Teas and Infusions. Halafu mwenye mpya akaamua kuuza mashamba ya Kenya, lakini jina Lipton akabaki nalo. Jiulize mbona.

Mwekezaji ana swali moja: nani anaweza kuninyang'anya mteja? Majani yetu yakifika mnada wa Mombasa yanapangwa pamoja na ya Uganda na Rwanda. Bei yako ikipanda, mnunuzi anasonga kwa jirani. Lakini mtu amezoea pakiti fulani hasongi haraka. Hata Kericho Gold, jina la kaunti kabisa, ni chapa ya Gold Crown Beverages ya Mombasa.

Hesabu ni kama ya chipu za AI. Nvidia na AMD wanapigania soko, na wawekezaji wanawashangilia, lakini chipu zao zinatengenezwa na TSMC ya Taiwan. Tofauti ni kwamba TSMC ni ngumu kupata wa kuchukua nafasi yake, so ina usemi mezani. Mchumaji wa Kericho anachukuliwa nafasi na mashine. Ndio maana Mei 2023 maandamano yalichacha huko hadi mashine za kuchuma zikateketezwa.

Sasa hapa ndio iko noma. Mabosi wawili wakishindana, mfanyakazi akikosana na mmoja anavuka barabara kwa mwingine. Wakiwa bosi mmoja, anavuka aende wapi?

Wenyeji wametengewa kitu: dili ya Finlays iliweka kando asilimia 15 ya hisa kwa ushirika wao. Si mbaya. Lakini hiyo ni asilimia 15 ya mashamba na viwanda, si ya jina lililo kwa pakiti, na faida nono iko kwa pakiti.

So 2027 mwanasiasa akikuja na helikopta kukuahidi ataongea na Browns kuhusu mashine, mskize. Halafu muulize swali moja: chai yetu itapakiwa wapi, na kwa jina la nani? Akianza kuzunguka, ujue ataacha mambo vile yalivyo, na wewe utaendelea kuuza majani kwa kilo.