Maji meupe haitoshi: Likasi inataka vipimo vya kweli

Wana-Likasi, vijana wenzetu wa Kikula, Panda, Shituru na katikati ya muji,

Kila mara mutu anauliza juu ya maji ya kisima chake, anapewa jibu moja tu: "Mayi iko meupe, shida iko wapi?" Hilo jibu tunalikataa. Wengi wetu tuko na diplome nyumbani na kazi hakuna. Basi angalau tuitumie hii elimu kuelezana namna metali nzito zinatembea chini ya miguu yetu.

Tangu masomo ya msingi tunafundishwa kwamba udongo ni chujio: maji yanashuka, uchafu unabaki juu. Kwa sehemu ni kweli. Kobalti, shaba, risasi na urani zinapenda kushikamana na udongo wa mufinyanzi na kutu ya chuma, na zinaweza kubaki pale miaka mingi. Lakini sehemu ya huo mufinyanzi na hiyo kutu ni chembe ndogo sana, zile wanasayansi wanaita nanopatikuli. Ukigawa milimeta moja mara milioni, unapata nanometa moja. Unywele wa mutu uko na upana wa karibu nanometa 80 000. Chembe ya nanometa mia moja inapita ndani ya muchanga na nyufa za mawe kama vile pikipiki inapita katikati ya makamyo yaliyokwama barabara ya Kolwezi. Na haipiti peke yake: imebeba metali kama abiria.

Hapa kwetu hizo chembe zinatoka wapi? Zingine ziko ndani ya udongo tangu zamani. Zingine zinazaliwa kila siku. Tangu wakati wa Union Minière, kisha Gécamines, muji huu unaishi na viwanda vinavyotumia asidi sulfuriki juu ya kutoa shaba na kobalti ndani ya mawe. Maji yenye asidi yanayeyusha metali. Yakikutana na udongo na mawe ya dolomi, asidi inapungua, chuma kinageuka kutu, na hiyo kutu inakamata metali zingine. Chembe kubwa zinatua chini. Ndogo zinabaki zinaelea, zinaendelea na safari. Mvua za kwanza zikinyesha, maji yasiyo na chumvi mingi yanabandua chembe zilizokuwa zimetulia, nazo zinashuka.

Kama unafikiri ni hadithi, angalia Marekani, nchi iliyochukua urani ya Shinkolobwe, hapa karibu yetu, kwa bomu la Hiroshima mwaka 1945. Ilikuwa inajaribu mabomu yake chini ya ardhi ya Nevada. Watu waliamini kwamba plutoni inashikamana na mawe, haiwezi kwenda mbali. Mwaka 1999 watafiti walitangaza kwamba plutoni ya bomu moja la mwaka 1968 imekutwa ndani ya maji ya chini ya ardhi, kilometa 1,3 kutoka pale lilipolipuka. Ilikuwa imebebwa na chembe ndogo.

Sasa tuzungumze juu ya miili yetu. Mwaka 2009 watafiti wa Universite ya Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo ya vipimo vya mukojo vya watu wa Katanga. Kati ya wale walioishi chini ya kilometa 3 kutoka mines ao viwanda, 53% walipita mikrogramu 15 za kobalti kwa gramu ya kreatinini, kipimo kinachotumiwa kuchunga wafanyakazi wa viwandani. Kwa watoto, ilikuwa 87%. Vumbi, chakula, maji: vyote vinaingia. Na tuelewane vizuri: kuchemsha maji kunaua mikrobe, hakuondoi kobalti. Kitambaa cha kuchujia hakikamati nanopatikuli.

Novemba 2025, maji ya kiwanda cha CDM yalipofurika ndani ya mitaa ya Lubumbashi, waziri wa mines alisimamisha kazi kisha siku chache, kwa sababu kila mutu aliona. Ile inayopita chini ya ardhi, nani ataipiga picha? Labo tu ndiyo inaweza kuionyesha.

Na hata labo inaweza kutudanganya bila kusema uongo. Kawaida maji yanachujwa kwanza kwa chujio ya mikrometa 0,45, kisha yanapimwa. Metali iliyobebwa na chembe kubwa kuliko hapo inabaki kwenye chujio, haihesabiwi. Ile ya chembe ndogo inapita, inaandikwa kwamba "imeyeyuka". Lakini mama anayechota kwa bidoni hachuji kitu. Mutoto wake anakunywa yote.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne:

1. Maji ya visima, foraje na robine za komine zote nne yapimwe mara mbili kwa mwaka, wakati wa kiangazi na kisha mvua za kwanza.

2. Yapimwe vile tunayakunywa, bila kuchujwa, kisha yakichujwa, hata kwa chujio laini zaidi, ili tujue nini inabebwa na chembe.

3. Matokeo yabandikwe kwenye kila komine, kwa Kiswahili na Kifaransa.

4. Pale maji ni mabaya, watu wapewe maji mengine. Njia iko: dawa ya alumini inakusanya hizo chembe mpaka zinatua, kisha maji yanachujwa.

Feza iko. Kodi ya mines, ile redevansi, 15% yake ni ya miji, komine, sekta na sheferi kwenye mines iko. Sheria pia iko. Katiba, kifungu cha 53, inampa kila mutu haki ya mazingira safi. Kode ya mines ya 2018, kifungu cha 285 bis, inasema mwenye mine analipa hasara aliyoleta kwa watu na mazingira, hata kama kosa lake halijaonekana.

Wewe unayesoma, anza kwenye mutaa wako. Andika kisima kiko wapi, kina urefu gani, familia ngapi zinachota. Hiyo orodha tutaipeleka kwa bwana meya. Siku nyingine mutu akikuambia mayi iko meupe, muulize: karatasi ya labo iko wapi?