Reli ya Chini ya Ardhi si Duka la Mtu

Kila mji mkubwa unapoanza kusongwa na magari, huzuka wataalamu wenye kudai kwamba reli ya chini ya ardhi ijengwe na matajiri, iendeshwe na matajiri, na Serikali ikae kando ikitazama. Husema kwamba mwenye mtaji ndiye ajuaye kubana matumizi, na kwamba mji hautatoa hata senti moja ya umma. Maneno hayo ni matamu, lakini historia ya London, mji uliozaa reli ya namna hiyo, inayakanusha mara tatu.

Mara ya kwanza ni mwanzo wenyewe. Reli ya Metropolitan ilifunguliwa tarehe 10 Januari, 1863, kutoka Paddington hadi Farringdon, mwendo wa kilomita sita hivi. Husifiwa kuwa ni tunda la wenye hisa. Ukweli ni kwamba aliyeipigania kwa miaka mingi ni Charles Pearson, mwanasheria wa halmashauri ya City, aliyetaka wafanyakazi waweze kuishi mbali na vichochoro vichafu na bado wafike kazini kwa nauli ndogo. Wenye mitaji waliposita, halmashauri hiyo ndiyo iliyonunua hisa za paundi 200,000. Maelfu ya maskini wa bonde la mto Fleet walivunjiwa makazi ili njia ipite, na wapangaji wengi hawakupata fidia. Umma ukatoa fedha, maskini wakatoa nyumba, gawio likaenda kwa wenye hisa.

Mara ya pili alikuja Charles Yerkes, tajiri wa Kimarekani aliyejipatia ukwasi kwa tramu za Chicago. Kampuni aliyoiunda mwaka 1902 ilichimba njia tatu mpya zilizofunguliwa mwaka 1906 na 1907. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1905. Abiria waliopatikana hawakukaribia idadi iliyoahidiwa kwa wawekezaji, na kampuni ikaponea chupuchupu kufilisika. Mwaka 1912 ikanunua kampuni ya mabasi, na faida ya mabasi ndiyo ikawa inaziba pengo la reli. Baadaye Serikali ikalazimika kudhamini mikopo ya kurefusha njia hizo, na mwaka 1933 karibu reli zote za chini ya ardhi, pamoja na mabasi na tramu, zikawekwa chini ya bodi moja ya umma.

Ingetazamiwa kwamba somo hilo lingetosha. La hasha! Mwaka 2003 Serikali ya Uingereza ilikamilisha mikataba ya miaka 30 iliyowapa makampuni kazi ya kutengeneza njia, stesheni na mabehewa. Kampuni ya Metronet ilichukua sehemu kubwa zaidi, na wenye hisa wake wakajigawia kazi wao kwa wao. Mwaka 2007 ikaanguka. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba asilimia 95 ya deni lake ilikuwa imedhaminiwa na umma, na mwaka 2008 hazina ya taifa ikatoa paundi bilioni 1.7 kulibeba. Kampuni ya pili, Tube Lines, ilinunuliwa na mamlaka ya usafiri ya London mwaka 2010. Mikataba ya miaka 30 haikumaliza hata miaka minane. Mla mbuzi hulipa ng'ombe, wahenga walisema. London walikula wengine, akalipa mwananchi.

Watetezi wa soko hukimbilia Hong Kong, ambako reli hutangaza faida. Hawasemi faida hiyo inatoka wapi. Serikali ya huko, yenye kiasi cha robo tatu ya hisa, huipa kampuni ya reli haki ya kujenga majumba juu ya stesheni na kandokando yake. Ardhi hiyo ni mali ya umma. Bila ardhi, tiketi peke yake zisingefua dafu.

Wengine watauliza: je, Serikali ibebe hasara milele? Swali hilo limepinda. Hakuna aulizaye barabara ya lami imeleta faida gani kwa mwaka. Reli ya chini ya ardhi humfikisha mwajiri watu wake kwa wakati, na humpandishia mwenye jengo thamani ya kiwanja chake bila yeye kushika jembe. Basi na wachangie. London yenyewe ilifanya hivyo: tangu mwaka 2010 wenye ofisi na maduka makubwa walitozwa kodi ya ziada kuchangia njia ya Elizabeth, iliyofunguliwa mwaka 2022.

Kinyume chake kilionekana Cairo, mji wa kwanza barani Afrika kuwa na reli hiyo, mwaka 1987. Reli ni ya Serikali, lakini Mei 2018 hasara ilipohesabiwa kiduka, nauli ya paundi mbili ikapandishwa hadi tatu, tano na saba kwa kadiri ya mwendo. Anayeishi mbali zaidi, ambaye aghalabu ndiye mwenye kipato kidogo, akabebeshwa mzigo mzito zaidi. Mali ya umma ikiendeshwa kwa akili ya duka, mwenye duka ndiye anayeshinda hata kama hayupo.

Kwa hiyo mji wowote unaotaka kuchimba ujiulize kwanza ni nani atakayefaidika, ndipo upange ni nani atakayelipa. Pearson aliuliza hivyo zaidi ya miaka 160 iliyopita. Wanaokataa kumsikiliza hawana haki ya kumpelekea mvuja jasho ankara ya ukaidi wao.