Tenga la kuku Nangurukuru

Mwandishi, katika makala yako ya mafua ya ndege umewasema sana ndege wa mwituni, na kweli Uganda Januari 2017 walikutwa wamekufa pale Lutembe, ufukweni mwa Ziwa Victoria, kisha ikasikika bata na kuku wa Masaka nao wamekufa. Lakini hebu simama hapa kwetu Nangurukuru uone matenga yanavyopakiwa juu ya basi: kinyesi kinachuruzika, tenga tupu linarudi kijijini bila kuoshwa, linawekwa hapohapo bandani. Virusi vitake nini tena? Mdondo, ugonjwa mwingine wa kuku, hupita njia hiyohiyo, na huo una chanjo, tone moja tu jichoni! Huku kwetu mtu akiona kuku wamezubaa anawauza upesi kabla hawajafa. Mimi mwenyewe niliwahi kununua wawili, bei ya kutupa.