Nani Aombe kwa Niaba ya Nani?

Aprili 2023 Baraza la Jiji la Minneapolis lilirekebisha sheria ya kelele, na misikiti ikaruhusiwa kutoa adhana kwa vipaza sauti kwa swala zote tano. Awali vilikuwa haviruhusiwi kabla ya saa moja asubuhi, hivyo adhana ya alfajiri haikusikika. Hapa mtaani Cedar-Riverside tulipeana mikono, Wasomali na sisi watu wa Mombasa.

Jirani yangu, mzee wa Kimarekani asiyeamini Mungu, alinikuta kwenye lifti, nikadhani anakuja na malalamiko. "Adhana haina neno," akasema. "Kengele za kanisa nazisikia tangu utotoni. Mimi simtaki diwani anayeniombea kwa kodi yangu."

Nilicheka, lakini naye nakubaliana. Tazama yaliyotokea Belle Plaine, mji mdogo kusini-magharibi mwa Minneapolis. Kwenye bustani ya kumbukumbu ya wanajeshi palikuwa na sanamu ya askari aliyepiga goti mbele ya msalaba. Wasioamini wakalalamika kwamba ardhi ile ni ya umma. Mji ukatenga mahali ambapo yeyote angeweza kuweka kumbukumbu yake, na kundi la The Satanic Temple (Hekalu la Kishetani) nalo likapata kibali. Julai 2017 madiwani wakapafuta kabisa. Uhuru wa wote ulikuwa mtamu, mpaka wote walipojitokeza.

Kwetu Kenya je? Baraza la chifu hufunguliwa kwa dua, asiye na dini akanyamaza. Mwaka 2016 chama cha wasioamini kilisajiliwa Kenya, na hata miezi mitatu haikuisha, usajili ukasimamishwa. Walioshangilia hawakuwa na hofu, maana ndio waliokuwa wengi.

Minnesota sisi ni wachache. Binti yangu anasoma shule ya umma. Adhuhuri hutandika mswala kwenye kona ya maktaba, akaswali, akarudi darasani. Hakuna mwalimu anayemkataza, wala anayemwambia aombe kwa jina la Yesu, kwa kuwa Mahakama ya Juu ya Marekani ilipiga marufuku sala rasmi katika shule za umma tangu 1962. Miongoni mwa wazazi walioshtaki walikuwamo Wayahudi na asiyeamini.

Kwa hiyo mwenye imani aombe, tena kwa sauti. Serikali ndiyo inyamaze. Nanyi jamaa zangu wa Pwani mnaotaka kila kikao cha kaunti kianze kwa dua, siku mwombaji akiwa wa dini msiyoitaka, mtaitikia amina?