Shamba la Urithi na Paa la Jirani



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, upepo wa kaskazi tunaupenda, kwani ndio ulioleta majahazi ya Uarabuni katika bandari zetu. Lakini kwa mwenye shamba, miezi yake, tangu Disemba hadi Machi, ni miezi ya hofu. Majani yamekauka, makuti yametapakaa chini, na masika bado hayajaingia. Na ndio wakati huo huo watu wanapofyeka na kuchoma ili wawahi kupanda. Hivyo kiberiti hutoka mfukoni katika siku ambazo nchi iko kavu kuliko siku zote za mwaka.

Mwenye kunasihi huanza na nafsi yake, nami nitaanza na kosa la nyumbani kwetu. Marehemu baba alituachia shamba la minazi na mikorosho upande wa Matuga, Kwale. Alipokuwa hai, chini ya minazi palikuwa safi hata nazi ikianguka utaiona kutoka barazani. Alipofariki tulibaki warithi saba, sote tukiishi mjini, na kila mmoja akamngoja mwenzake. Mirathi haikugawanywa, mtu wa kufyeka hakulipwa, na katika miaka minne shamba likawa kichaka. Minazi miwili iliyoliwa na chonga ikafa imesimama mpakani, makuti makavu yakining'inia, hatua chache tu kutoka jiko la makuti la jirani yetu, mama mjane. Mara mbili alituletea salamu kwamba minazi ile ikatwe. Mara zote mbili tulimjibu "inshallah", neno tukufu tulilolifanya pazia la uvivu wetu.

Siku moja ya Februari, baada ya adhuhuri, moto wa taka uliowashwa kando ya njia uliingia katika kichaka chetu. Ulipofika kwenye minazi ile ulipanda kwa makuti yaliyoning'inia, na upepo ukazichukua cheche hadi juu ya paa. Jiko liliteketea, na pamoja nalo mahindi ya mwaka mzima yaliyokuwa darini. Alhamdulillahi, hakuna aliyeungua. Tulipokwenda kumpa pole, yule mama hakututukana. Alituambia neno moja tu: "Wanangu, mimi nilipiga hodi."

Tangu siku hiyo nimejifunza kwa wakulima mambo ambayo ningepaswa kuyajua zamani. Moto unaotambaa chini, watu wanne wenye matawi mabichi wanaweza kuupiga ukazimika. Moto uliopanda juu haupigiki. Na kinachoupandisha ni ngazi tuliyouwekea wenyewe: majani marefu, juu yake vichaka, juu yake matawi makavu ya mkorosho, kisha makuti. Ukiivunja ngazi hiyo, umeuweka moto mahali ambapo mkono wa mwanadamu unaufikia.

Basi kwanza, anzeni na nyumba. Hatua tano au sita kutoka ukutani pawe mchanga mtupu unaofagiliwa, kama walivyofanya bibi zetu kila asubuhi. Kuni, makumbi na vifuu visirundikwe chini ya upenu. Zaidi ya hapo, hadi hatua thelathini ikiwezekana, majani yafyekwe yawe mafupi na matawi ya chini yapunguzwe. Si lazima kukata kila kilicho kijani, kwani mti mzima ni kivuli na ni riziki. Anayeondolewa ni mfu.

Pili, mti uliokufa uangushwe kabla haujajiangusha. Mkwezi asiupande mnazi mkavu, kwa kuwa shina huenda limeoza kwa ndani. Ukatwe kutoka chini na mtu anayeijua kazi, ukiwa umefungwa kamba, na watoto wawe mbali. Wala gogo lisiachwe likaozea shambani, maana ndani ya magogo yanayooza ndimo chonga wanamotaga mayai, kisha wakarudi kuishambulia minazi iliyo hai. Lipasuliwe mapema: sehemu ngumu itatoa nguzo na mbao, iliyobaki ni kuni.

Tatu, si kila kilichofyekwa ni cha kuchomwa. Makuti mazima husukwa, makumbi hutoa kamba, vifuu hutoa makaa, na majani yakirundikwa mbali na nyumba huoza yakawa mbolea ya migomba. Asiyekuwa na budi ila kuchoma, na awaambie majirani zake kwanza. Achague siku ya utulivu, asubuhi umande ungalipo, apalilie ukanda mtupu pande zote, achome chungu ndogo ndogo, na awe na maji, mchanga na watu wa kumsaidia. Asiondoke mpaka majivu yamepoa mkononi. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Hawakusema dawa ya kichaka ni kiberiti.

Sheria yetu haikulinyamazia jambo hili. Mtume (S.A.W.) alipopewa habari ya nyumba ya Madina iliyoungua usiku na watu wake wamo ndani, aliuita moto kuwa ni adui, akaamrisha uzimwe kabla ya kulala. Hadithi hiyo imepokewa na Bukhari na Muslim. Nao wanachuoni wa madhehebu ya Imam Shafi wamesema: mtu akiwasha moto katika milki yake kwa kiasi cha kawaida, na upepo umetulia, kisha cheche ikaruka, hana dhamana. Lakini akiwasha siku ya upepo mkali, au akapita kiasi cha ada, atalipa alichokiharibu. Na tawi la mti wako likipita juu ya ardhi ya jirani, jirani ana haki ya kudai uliondoe.

Huenda mtu akasema: nyinyi hamkuwasha moto ule. Ni kweli, na huenda kadhi asingetuhukumu kulipa. Lakini haki ya jirani haianzii mahakamani. Ikiwa kuondoa udhia njiani kumehesabiwa kuwa ni tawi la imani, seuze udhia tuliouacha ukielekea paa la mjane aliyetuomba tuuondoe? Tulichanga, tukamjengea jiko jipya la mabati, tukamrudishia mahindi yake. Pesa tulizotoa zilikuwa mara nyingi ya ule ujira wa kufyeka tulioona ni mzito. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi tulijenga ukuta wa mtu mwingine.

Ndugu zangu, mzizi wa kichaka kile ulikuwa mirathi iliyolazwa. Yako mashamba mengi pwani yetu yanayoitwa "ya familia", na maana yake ni kwamba hayana mtu. Gawanyeni mirathi mapema, kila mmoja ajue lake. Mkishindwa kuelewana, Mahakama ya Kadhi ipo. Na mkiwa bado hamjagawana, mchagueni mmoja alisimamie shamba, na gharama zigawanywe kwa mafungu ya urithi: mwenye fungu kubwa atoe zaidi, mwenye dogo atoe kwa kadiri yake. Mwafikiane kabla, kwani anayetumia pesa zake bila idhini ya washirika wake huenda akakosa njia ya kuwadai. Ama shamba la wakfu, msimamizi wake akumbuke kwamba matengenezo hutangulia mgao. Pato litunze shamba kwanza, kisha ndipo wenye kustahiki wapewe.

Bado ziko wiki kadhaa kabla ya mvua. Jumamosi moja ya wiki hizo, wachukueni vijana wenu na mapanga, mwende shamba. Lakini kabla ya kukata hata jani moja, nendeni kwa jirani, mketi barazani kwake, mmuulize: kuna chochote chetu kinachokutia hofu? Kisha kazi ianze hapo atakapoonyesha kidole.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wetu waliotuachia mali hizi, na atujaalie tusizifanye kuwa dhara kwa waja wake. Amin.

Wabillahi taufiq.