Mashini ya mbio na dosie ya kifua chako



Katika ukurasa huu umezoea kusoma juu ya kofia ya kazi, viatu vyenye chuma mbele, maski ya vumbi na mkanda wa kufanyia kazi ya juu. Leo tunataka kusema juu ya mashini moja inayokaa mezani ndani ya biro, mbali na mgodi. Haikati mtu kidole. Haina moto. Lakini inaweza kukupotezea miaka kumi ya kazi yako kwa sekunde moja, na wewe usijue. Mashini hiyo ni skaneri, yaani mashini ya kupiga picha makaratasi na kuyaingiza katika ordinateri.

Siku hizi mabiro mengi ya afya na ya wafanyakazi yanaitaka. Sababu ni nzuri. Makabati yamejaa, mchwa wanakula, mvua inapita katika bati, na mtu akiomba dosie yake anaambiwa arudi kesho kutwa. Basi shefu wa biro anafungua katalogi, anaona mashini tatu au nne, na anauliza swali moja: ipi ina mbio kupita nyingine? Tunasema wazi: swali hilo ni la mwisho, si la kwanza.

Karatasi ni shahidi

Unajua vumbi la mawe. Likiwa na silika, nawe ukilivuta miaka mingi, linaleta silikozi ndani ya mapafu. Ugonjwa huo hauna haraka. Mara nyingi unaonekana baada ya miaka 10 au zaidi, na unaweza kumkamata mtu aliyekwisha kuacha kazi zamani. Hakuna dawa ya kuuondoa. Basi siku mzee anapoanza kukosa pumzi akipanda ngazi, daktari atamwuliza: ulifanya kazi wapi, miaka mingapi, kazi gani? Na CNSS, ile tuliyoiita zamani INSS, itataka karatasi. Mzee anakumbuka vizuri sana, hata jina la kapita wake anakumbuka. Lakini kumbukumbu ya kichwa haina muhuri. Jibu linaweza kuwa ndani ya fishi ndogo ya mwaka 1984, karatasi nyembamba, maneno mawili ya penseli upande wa nyuma: «foreur, fond».

Kumbuka tena mwaka 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines walipoacha kazi kwa mpango wa départs volontaires. Mtu aliyeacha kazi, katika kampuni yoyote ile, hapiti tena mlangoni kila asubuhi ili aulizwe. Akifa, mjane wake ndiye atakayekuja kuuliza, naye hakushuka mgodini hata siku moja. Kwa mama huyo, ile fishi ndiyo shahidi peke yake.

Sasa tupige hesabu ya mbio

Tuseme biro ina dosie 4.000, na kila dosie ina karatasi 60. Jumla ni karatasi 240.000. Mashini ya karatasi 40 kwa dakika itazimaliza kwa saa 100. Mashini ya karatasi 80 kwa dakika, ambayo bei yake iko juu sana, itazimaliza kwa saa 50. Shefu anafurahi: tumepata saa 50!

Lakini ngoja. Nani ameondoa vyuma vidogo vya kushonea makaratasi? Nani amenyoosha pembe zilizokunjwa, ametenganisha karatasi zilizoshikana kwa unyevu, na kuandika jina na namba ya matrikule katika ordinateri? Ukihesabu dakika 10 tu kwa kila dosie, unapata dakika 40.000, karibu saa 667. Kwa saa 8 kwa siku, ni zaidi ya siku 83 za kazi ya mikono. Zile saa 50 ulizonunua kwa bei kubwa ni karibu siku 6. Heri kununua mashini ya mbio ya katikati, na mali iliyobaki kuwaweka watu wawili wenye subira mezani. Hiyo ndiyo mbio ya kweli.

Tena ujihadhari na namba za katalogi. Mashini inayosoma pande mbili kwa mara moja, karatasi 60 kwa dakika, inaweza kuandikwa «picha 120 kwa dakika». Ni mashini ileile. Nyingine zinapunguza mbio ukitaka rangi, au ukiongeza nukta za picha. Kwa dosie zetu tunataka rangi, na nukta 300 kwa inchi, kwa sababu muhuri mwekundu ni hafifu na penseli ni hafifu zaidi. Basi uliza muuzaji: katika hali hiyo, si katika hali yako ya dukani, mbio ni ngapi? Na angalia katika katalogi ni karatasi ngapi kwa siku mashini inaweza kubeba. Mashini ndogo unayoilazimisha kubeba mzigo mkubwa itachoka kabla ya dosie kwisha.

Karatasi mbili zikipita pamoja

Hapa ndipo hatari yenyewe. Mashini inavuta karatasi kwa magurudumu madogo ya mpira. Karatasi zetu za zamani ni za kila namna: nyembamba za kaboni, fishi za kartoni, nyingine zimebandikwa kwa gundi. Zikishikana, mpira unavuta mbili kwa mara moja. Picha inatoka moja. Ya juu imeonekana, ya chini imepita kimya. Katika ordinateri dosie inaonekana safi kabisa, hakuna ukurasa uliochanika, hakuna alama yoyote. Karatasi ikipotea kabatini, walau pengo linaweza kuonekana. Ikipotea hapa, hakuna pengo.

Kwa hiyo usikubali mashini isiyo na kifaa cha kutambua karatasi mbili. Kilicho bora kinatumia sauti ambayo sikio la mtu halisikii. Sauti inapita katika karatasi moja bila shida kubwa. Zikiwa mbili, hewa iliyo katikati yao inaizuia, na upande wa pili inafika dhaifu. Hapo mashini inasimama na kulia. Ndiyo, italia mara nyingi, hata kwa fishi yenye picha iliyobandikwa, ambayo si kosa. Karatasi ya namna hiyo ilazwe juu ya kioo, ipigwe peke yake. Basi mashini iwe na kioo hicho, au kiwe pembeni. Lakini tunajua litakalotokea: siku ya tatu mtu atachoka na kelele, atazima kifaa hicho ili kazi iende mbio. Ndugu, huyo ni sawa na yule anayetoa kinga ya jiwe la kunolea chuma kwa sababu inamsumbua. Tumekwisha kumwona huyo, na tumekwisha kuona jicho lake.

Kuna mtego mwingine, nao ni mdogo. Mashini nyingi zinajua kutupa ukurasa mweupe zenyewe. Ni jambo zuri kwa barua za biro. Kwa fishi ya mwaka 1984 ni hatari, kwa sababu maneno mawili ya penseli yaliyofifia mashini inaweza kuyaona kuwa si kitu. Mweupe! Inatupa. Zima kabisa hiyo, na ukubali kuwa na kurasa nyeupe elfu moja ndani ya ordinateri. Kurasa nyeupe hazijaua mtu.

Tarakimu iliyobadilika

Utasema: angalau kilichopigwa picha ni sawa na karatasi. Sikiliza habari hii. Mwaka 2013, katika Ujerumani, mtaalamu wa ordinateri anayeitwa David Kriesel alionyesha kwamba mashini fulani za Xerox zilikuwa zinabadilisha tarakimu. Ramani ya nyumba ilionyesha chumba cha mita za mraba 21,11. Kwenye karatasi iliyotoka kiliandikwa 14,13, kama chumba cha jirani. Mahali pengine 6 iligeuka 8. Karatasi haikuwa na ukungu wala doa. Tarakimu ilikuwa safi, na ilikuwa ya uongo.

Sababu ilikuwa tamaa ya kupunguza uzito wa picha. Kwa njia ya kubana iitwayo JBIG2, mashini inatafuta vipande vidogo vinavyofanana, inaweka kimoja tu, na kukirudisha kila mahali. Tarakimu mbili hafifu zikifanana machoni pake, inaweka moja mahali pa nyingine. Kampuni ilitoa programu ya kurekebisha mashini zake. Lakini fundisho ni letu pia. Fikiri juu ya kipimo cha vumbi, kipimo cha damu, mwaka wa kuanza kazi. Mwambie anayepanga mashini: picha isibanwe kwa njia hiyo, hata ikichukua nafasi kubwa. Na fishi ya kwanza katika kila dosie isomwe na mtu, karatasi mkono mmoja, macho kwenye ekrani.

Kabla ya kulipa

Usijaribu mashini kwa karatasi nyeupe za muuzaji. Hizo zinapita katika mashini yoyote. Nenda na karatasi zako 100, ulizozihesabu mwenyewe mara mbili: ishirini za kaboni, kumi za kartoni, zilizokunjwa, zilizobandikwa, zenye doa la mafuta, na chache zenye penseli tu. Ziandike namba 1 mpaka 100 pembeni. Mwambie azipitishe mbele yako, pande mbili. Picha ziwe 200. Zikiwa 198, usimsikilize tena juu ya mbio. Tafuta namba iliyokosekana, umwonyeshe.

Uliza pia juu ya mipira. Inakwisha kama matairi, na karatasi za nakala zisizo na kaboni zina dawa inayoiharibu upesi. Inapatikana Lubumbashi, au mpaka iagizwe Johannesburg? Mashini iliyolala miezi miwili ikingoja mpira ina mbio ya karatasi sifuri kwa dakika. Kioo na mipira visafishwe kila siku kwa kitambaa kisichotoa nyuzi na dawa iliyoandikwa na mtengenezaji, kwa maana vumbi letu halichagui mapafu tu. Chembe moja juu ya kioo inachora mstari kutoka juu mpaka chini katika kila picha, na mstari unaweza kupita juu ya tarakimu. Na kwa courant yetu, pasipo onduleri usianze kazi hiyo.

Watu wa mezani nao ni wafanyakazi. Dosie za zamani zina vumbi, kuvu na mavi ya panya. Wape maski, fungua madirisha, wasile mahali hapo, wanawe mikono. Kiti kiwe na mgongo. Na mashini isiwekwe koridoni ambako kila mtu anapita na kusoma ugonjwa wa jirani yake: hiyo ni siri ya daktari, nayo haifi kwa sababu karatasi imeingia katika ordinateri.

Usichome karatasi

Hapa tutagombana na mashefu wengine. Watasema: tumenunua mashini ili kabati ziondoke. Hapana. Mashini imenunuliwa ili dosie ipatikane kwa dakika moja, ili daktari wa dispensari ya mbali aione bila kuingoja kwa gari, na ili karatasi yenyewe ipumzike isiguswe kila wiki. Ordinateri nazo zinakufa, tena bila kukohoa. Picha ziwekwe nakala mbili, katika nyumba mbili tofauti. Karatasi za afya na za ajali zibaki ndani ya masanduku yaliyofungwa, mahali pakavu, mpaka walau zihesabiwe zote na wajumbe wa wafanyakazi wakubali.

Na wewe, ndugu, usikae tu. Ukiitwa kuleta makaratasi ya nyumbani ili yapigwe picha, usiyaache mezani na kwenda zako. Yahesabu, uandikiwe risiti yenye hesabu hiyo, uombe kuyaona kwenye ekrani, mbele na nyuma, kisha urudi nayo nyumbani. Mama, weka ndani ya plastiki, mbali na sakafu na moto wa makala: buku ya kazi, barua ya kuanza kazi, barua ya kuacha kazi, karatasi ya ajali hata ile ndogo ya kidole.

Jambo moja limebaki. Filamu ya radio ya kifua haipiti katika mashini hii. Inataka mashini nyingine, yenye mwanga unaopita ndani ya filamu. Ukimwona mtu wa biro anataka kuikunja ili iingie, mshike mkono.